Kigawo Kikubwa cha Shirika

Maneno manne yalibaki ubaoni baada ya mwalimu kukimbia na chaki mkononi. Kigawo Kikubwa cha Shirika. Herufi ya mwisho ilikuwa imeburutwa hadi ukingo wa ubao kama mkia wa panya aliyeshtuka, kwa sababu hapo ndipo bunduki kubwa ilipokohoa kutoka kwenye milima iliyo juu ya mtaa wa Kasenga, na mkono wa Mwalimu Hyacinthe ukashuka pamoja na mwili wake. Wanafunzi wa jioni, watu wazima wenye wajukuu, walijitupa chini ya madawati ya watoto. Wakimbizi wa kijiji cha Mutarule waliokuwa nyuma ya darasa hawakuhitaji kujitupa. Wao walikuwa chini tayari, kwenye mikeka yao, kwa kuwa chumba kile kilikuwa darasa la wengine kwa saa mbili tu, na nyumba yao wenyewe kwa saa zote zilizobaki.

Milima iliponyamaza, Pélagie Kankindi alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama mbele ya ubao akafuata maneno yale kwa kidole hewani, silabi kwa silabi. Alikuwa amejifunza kusoma mwaka uleule, akiwa amevuka umri ambao watu huona haya kushika kalamu, ili asome Zaburi kwa mdomo wake mwenyewe badala ya kuzikopa midomoni mwa wengine. Tangu hapo kila neno lililoandikwa lilikuwa kwake kama chakula kilichobarikiwa: haliachwi mezani. Aliyaweka manne hayo moyoni, akayafunga kama mtu anavyofunga chumvi kwenye pindo la kitenge, akaenda zake.

Hakuna aliyempa maana yake. Na kwa nini aombe maana? Katika mji wa Uvira neno shirika halina fumbo. Shirika ni zile nyumba za Wakatoliki majirani zinazosali pamoja kila juma, zinazozika pamoja, zinazopeana moto na majivu. Mtoto wa Kasenga humwuliza mgeni, "Uko wa shirika gani?" kabla hajamwuliza jina la baba yake. Mwalimu Hyacinthe alikuwa amerudi kutoka kambi za wakimbizi za ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, na vitabu vya Kiswahili na maneno ya huko. Kankindi hakulijua hilo. Alijua alichosoma: shirika lina kigawo, na kigawo hicho ni kikubwa.

Laiti maneno hayo yangemfikia katika juma jingine. Lakini yalimfikia njaa ikiwa imekwisha kaa kitako. Barabara ya Bukavu ilikuwa imefungwa, mpaka wa Kavimvira umefungwa, na soko limebaki meza tupu na nzi waliokosa kazi. Padri alikuwa amekwama Bukavu. Kabla hajaondoka alimwachia Papa Sévère, kiongozi wa shirika, ufunguo wa stoo na neno moja tu: gaweni sawasawa. Stoo ilikuwa na maharage na unga wa muhogo. Kankindi mwenyewe ndiye aliyepima, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mshika kopo wa shirika tangu kabla ya vita, katika harusi na matanga. Kopo lake lilikuwa la maziwa ya unga, na kijiti chake cha kusawazishia kilikuwa cha mti wa kahawa. Makopo ya maharage yalikuwa sabini na mawili. Ya unga, tisini na sita.

Kopo la shirika halivunjwi. Hiyo ilikuwa sheria ya Kasenga. Nusu kopo hupimwa kwa macho ya mtu, na macho ya mtu yana jamaa zake. Nyumba mbili ziliwahi kutosemezana tangu mavuno hadi Pasaka kwa ajili ya nusu kopo la mchele. Basi kila nyumba hupata makopo kamili yaliyokatwa kwa kijiti, na nyumba zote hupata sawa, au hakuna kinachogawiwa.

Nyumbani, mjukuu wake Délice alikuwa amelala mchana kutwa. Mama yake Délice, binti pekee wa Kankindi, alivuka mpaka kwenda kuuza mawese siku chache kabla haujafungwa, na tangu hapo hakuna aliyemwona wala aliyelizika jina lake. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba ikang'aa. Nywele zake zimegeuka rangi ya ndevu za mahindi. Ukimbonyeza kidole, shimo lilibaki, kama kwenye unga wa ngano uliokandwa. Muuguzi wa zahanati hakuhitaji kumgusa ili atamke jina la ugonjwa.

"Ni bwaki," alisema. "Dawa yake haiko kwangu, mama. Iko chunguni. Mpe maharage kila siku, uyaponde. Kila siku, umenisikia?"

Kankindi alimsikia. Njia nzima alimsikia.

* * *

Papa Sévère alikuwa mshonaji wa viatu, ingawa siku zile watu walikuwa wakivaa viatu hadi viwaache wenyewe. Kankindi alimkuta barazani, akishona kandambili kwa waya.

"Mama Kankindi, huko kwa masomo ya wazee mumefika wapi? Mumeshajua moja na moja?"

"Tumefika kwenye kigawo kikubwa cha shirika."

Sévère aliacha waya. "Sema tena."

Alisema tena, pole pole, kama anavyosoma ubaoni.

"Mwalimu ameyaandika hayo? Kwa mkono wake?"

"Kwa chaki. Bado yako pale."

Mzee alitazama barabara, kisha stoo, kisha akacheka bila sauti, kicheko cha mtu aliyeondolewa mzigo ambao hakumwambia mtu kuwa anaubeba. "Unaona? Minye usiku silali, najiuliza, tuwagawie na wale wa Mutarule ama tusiwagawie. Kumbe hata hesabu inajua. Kikubwa ni cha shirika."

"Na kidogo ni cha nani?"

"Hicho bila shaka mutakisoma juma lijalo."

Wakacheka wote wawili. Kankindi alicheka kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha, na kwa sababu nyingine pia. Shirika lao lilikuwa na nyumba kumi na mbili, na mshika kopo hahitaji kalamu kwa hesabu ya namna hiyo: maharage makopo sita, unga makopo manane. Makopo sita yakipondwa kidogo kidogo yangemtoa Délice kwenye mdomo wa kaburi.

Kwenye sala ya shirika Sévère aliyatamka maneno yale baada ya Injili, na yakakaa kama sehemu ya Injili. Watu walipumua. Hakuna kitu kinachompendeza mwenye njaa kama sheria inayomruhusu kula. Mama Manirakiza peke yake, mjane wa nyumba ya kona, ndiye aliyeinua kichwa.

"Na wale walioko shuleni?"

"Wana shirika lao Mutarule," alijibu Sévère.

"Mutarule ipi, papa? Ile iliyoungua?"

Sévère alianzisha rozari. Kankindi alikuwa na rozari mkononi, na vidole vyake vilikuwa vikihesabu. Sita. Nane. Alipogundua kwamba hahesabu Salamu Maria, alianza upya fumbo lote.

* * *

Mwalimu Hyacinthe alirudi darasani jua likiwa bado juu, maana siku hizo madarasa ya jioni yalimalizika kabla ya jioni yenyewe kufika. Maneno manne yalikuwa bado ubaoni. Wakimbizi hawakuyafuta, walikuwa wakiyatazama kama watu wanavyotazama picha iliyotundikwa katika nyumba ya kupanga.

Kabla mwalimu hajafungua kinywa, sauti ilitoka nyuma. Alikuwa Déborah, mwanamke mrefu wa Mutarule, mtoto mgongoni na mwingine miguuni. Dada yake Claire alikuwa kando yake, akichambua majani ya muhogo ambayo yalikwisha kuwa vikonyo vitupu.

"Mwalimu, samahani, minye si mwanafunzi. Lakini neno hili tunalala nalo. Sisi wa huku nyuma, tuko ndani ya shirika hili? Maana minye ni Mprotestanti."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, kisha akaona uso wa Déborah, akaacha.

"Mama, hili si shirika la kanisa. Huko nilikotoka, cha shirika maana yake ni cha wote wawili. Kinachofaa huku, kinachofaa na kule. Hata Waprotestanti wamo."

Akageukia ubao. Akachora kumi na mbili upande mmoja, kumi na nane upande wa pili. Ni namba gani zinaigawa kumi na mbili bila kubakiza? Wakazitaja. Zipi zinaigawa kumi na nane? Wakazitaja. Akazungushia zile zilizotokea pande zote mbili: moja, mbili, tatu, sita. "Hizi ndizo za shirika. Kubwa kuliko zote ni ipi?"

"Sita," darasa likaitikia.

"Basi, ukiwa na ndizi kumi na mbili na samaki kumi na wanane, unaweza kulisha watu sita, wote sawa, bila kukata samaki. Ukitaka kulisha zaidi ya hapo, hesabu inakukatalia. Ukilisha pungufu, hesabu haikukatazi. Inakutazama tu."

Kankindi aliweka kalamu chini. Alikuwa amechukua maneno ya watu kutoka ubaoni, akayapeleka barabarani kama mtu anayepeleka barua bila kuifungua, na sasa barua ilikuwa imesomwa mbele ya shirika zima.

"Kila mmoja anipe namba mbili zake," mwalimu alisema. "Mama Kankindi."

Namba zake zilikuwa mbili tu katika dunia nzima. "Sabini na mbili," alisema. "Na tisini na sita."

Alipewa chaki. Kichwa chake kilikuwa na miaka mingi ya matanga na harusi. Aliandika mbili, tatu, nne, sita, nane. Aliandika kumi na mbili, akaona kwamba inagawa huku na inagawa kule, na moyo wake ukaruka. Kumi na mbili ilikuwa ya shirika. Ya shirika la hesabu na ya shirika la Kasenga, zote mbili. Hakuwa amekosea: maana ya neno ilikuwa imebadilika, lakini makopo sita yalikuwa palepale. Akaizungushia mduara mzito, akaweka chaki chini.

Hyacinthe aligonga mduara kwa kidole. "Kumi na mbili ni kigawo cha shirika. Hilo sikatai. Lakini umefika mwisho, mama?"

Kankindi alipangusa chaki vidoleni.

"Ya shirika umeipata. Kikubwa ndicho nilichouliza. Malizia nyumbani."

Kankindi akitoka, alipita kati ya mikeka. Déborah alijisogeza kumpisha. "Ulijaribu vizuri, mama," alisema. "Minye nisingefika hata hapo." Hakujua namba zile ni za nini. Hilo ndilo lililomchoma Kankindi: kwamba alipewa sifa na mtu yuleyule ambaye yeye alikuwa akimwacha nje ya mduara.

* * *

Alfajiri, jogoo wa jirani akiwa bado hai na bado anawika, Kankindi alipiga magoti mbele ya kitanda cha Délice. Aliomba sala zote alizozijua, kisha akaishiwa sala zenye maneno ya watu, akabaki na zake.

"Bwana," alisema, "nionyeshe kwamba namba kubwa zaidi haipo."

Alimwaga punje za mahindi ya mbegu sakafuni. Hakuomba tena baada ya hapo, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza, na mikono ya mshika kopo haijui kudanganya. Kumi na nane: maharage yalikubali, unga ukakataa. Alishukuru. Kumi na sita: unga ulikubali, maharage yakakataa. Alishukuru tena, na aliona haya kwa shukrani hiyo. Ishirini na nne: alipanga punje tatu tatu, safu baada ya safu, akitumaini punje moja iteleze, ibaki, iharibu kila kitu. Hazikubaki. Akapanga nne nne. Hazikubaki. Thelathini na sita ilikataa. Hapakuwa na njia nyingine ya kukimbilia.

Ishirini na nne. Maharage makopo matatu. Unga manne.

Ndipo alipoona kwamba jina lile lilikuwa limemdanganya mara mbili. Alidhani kikubwa ni fungu, kumbe kikubwa ni mkutano wa walao. Namba ikipanda, kopo linashuka. Kadiri mduara unavyopanuka, ndivyo chungu cha Délice kinavyopungua, na hakuna sala inayoweza kuvuta pande zote mbili kwa pamoja. Mtoto alikohoa usingizini. Kankindi alimfunika, akakaa akimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu abatizwe alimwambia Mungu kwamba hampendi leo.

Kisha akazikusanya punje moja moja, kwa kuwa zilikuwa mbegu, akaenda kunawa uso.

* * *

Jumapili, baada ya ibada isiyo na padri, nyumba kumi na mbili zilikuja uani na vikapu. Sévère alifungua stoo. Kankindi alishika kopo, lakini hakuinama kuchota.

"Papa Sévère, nilikupelekea neno baya."

"Neno gani?"

"La shirika. Sikuwa nimefundishwa maana yake. Nilisoma jina la somo, na somo lilikuwa bado." Akawaeleza. Aliwaeleza vibaya, akirudi nyuma na kurukia mbele, lakini alipofika kwenye makopo kila mtu alimwelewa, kwa maana tumbo ni mwanafunzi hodari. "Nyumba ishirini na nne, zetu na za wale wa shuleni, zinaweza kupata, zote sawa, bila kuvunja kopo."

"Zinaweza," alisema Sévère. "Kuweza si kupaswa."

"Padri alisema tugawe sawasawa."

"Sawasawa kwa nani? Hakutaja nani." Sauti yake haikuwa ya ubaya. Mama yake mwenyewe, bibi kizee asiye na jino, alikuwa ameketi ukutani na kikapu kwenye magoti. Mzee alimsogelea Kankindi, akanena kwa sauti ya chini. "Weye una mtoto wa bwaki. Kati yetu wote, weye. Unajua unachofanya?"

"Najua. Makopo matatu."

"Na yakiisha?"

Hilo lilikuwa jambo ambalo hesabu haikufundisha. "Yakiisha," alisema, "yatakuwa yamekwisha."

Mmoja wa wanawake aligeuka akaondoka na kikapu chake, kisha akasimama langoni, kisha akarudi, bila kumtazama mtu. Sévère angeweza kumnyang'anya Kankindi kopo. Badala yake alimtazama mama yake, akavua kofia, akaivaa tena. "Mwenye kopo ndiye mwenye kugawa," alisema hatimaye. "Nendeni mukawaite. Lakini minye sitasema kwamba nimefurahi."

Walikuja kutoka darasani kwa mashaka, kama watu walioitwa mbele ya hakimu. Walikuwa nyumba kumi na tatu.

Kankindi alihesabu tena. Kumi na mbili na kumi na tatu ni ishirini na tano, na ishirini na tano haikuwa na urafiki na maharage wala na unga. Pale uani aliona watu wakianza kutumaini, kila mmoja kwamba atakayeachwa si yeye. Naye pia alitumaini. Neno moja tu, na kila kitu kingerudi kwenye kumi na mbili.

"Haitoki," alisema. "Mmoja amezidi."

Déborah alimtazama dada yake. Claire alishusha mabega. Hawakuteta hata kidogo. Huenda walikuwa wamekwisha kuzoea kukatwa namna hiyo.

"Minye na huyu tulinyonya titi moja," Déborah alisema. "Tuandike nyumba moja."

"Muna watoto watano kati yenu," alisema Mama Manirakiza.

"Tunawajua, mama. Ni sisi tuliowazaa."

Basi Kankindi aliinama akachota. Alikata kila kopo kwa kijiti, na kijiti hakikumjua mtu. Alipofika kwenye fungu lake mwenyewe aliomba Mama Manirakiza ashike kopo badala yake, na akageuza uso upande wa ziwa hadi alipoambiwa tayari.

* * *

Jua lilikuwa bado halijagusa milima Déborah na Claire walipobisha. Hawakuja na zawadi. Walikuja na tatizo: kuni. Shuleni madawati mawili yalikuwa yamekwisha kuchomwa, na mwalimu aliomba wasiguse la tatu.

"Maharage hayaivi kwa maneno," Déborah alisema. "Tungeomba pembe ya jiko lako, mama."

Kankindi alitazama kuni zake. Zilitosha chungu kimoja, hazikutosha viwili. Alitazama maharage yake yaliyokuwa yakiloweka, machache kiasi kwamba angeweza kuyapa majina. Alifikiri juu ya watoto watano. Alifikiri kwamba chungu cha pamoja hakina kijiti cha kusawazisha.

"Leteni," alisema.

Yalipoiva, giza halijaingia bado, waliketi chini kuzunguka sahani moja. Watoto wa Mutarule walikula haraka, kwa adabu ya haraka, macho yao yakifuata mkono wa kila mmoja. Kankindi alijikuta akihesabu matonge yao, akajilazimisha kuacha, akahesabu tena. Délice alikuwa mapajani mwake, mzito kwa maji ya ugonjwa, mwepesi kwa kila kitu kingine. Alimpondea harage moja kwa kidole gumba, akamtia kinywani. Mtoto alifunga mdomo. Hakutafuna. Alikaa nalo ulimini, akiwatazama wale wengine mmoja baada ya mwingine.

"Tafuna, mama," Kankindi alimwambia mjukuu wake.

Délice alimtazama bibi yake, kama mtu anayesubiri kuambiwa kama kuna harage jingine. Claire aliacha kula. Mkono wa Déborah ulisimama juu ya sahani.

Kisha taya dogo likaanza, polepole.